VM zilianguka kila saa ya bukari, na lawama ikakalia sufuria yangu

Jambo yenu bote, wakuu.

Leo naleta kintu ya kweli, neno kwa neno. Kama nikidanganya, bukari yangu ya kesho, ule ugali yetu, ishikamane na sufuria na isitoke tena.

Miye ni muzee ya Lubumbashi. Shule niliiacha mapema, na mwalimu hakulia. Kazi yangu ilikuwa kwa chemin de fer, kwa reli, kufunga freni ya ma-vagon. Kompyuta siijui. Hata hapa kwa forum ni mutoto yangu aliniandikisha, akasema, "Papa, ile hadithi umeshaichosha kwa bajirani bote, sasa uipeleke kwa bantu bengine."

Kiswahili yangu ni ya huku kwetu, inachangana na Kifaransa. Bale ba Dar na Mombasa mutanivumilia. Na miye nabavumiliaka, nikisoma yenu.

Bon, tuingie.

Mutoto yangu anaitwa Clémence. Ni wa mwisho, na tangu mama yake alikufa tumebaki babili kwa nyumba. Anafanya informatique, kazi ya kompyuta. Asubui anatoka mbio, kikombe ya chai mukononi. Jioni anarudi, anachoka, anavua viatu, anasinzia kwa kiti. Donc saa yetu ya kuonana ni midi, saa sita ya muchana.

Miye ndiye napikaka. Napika bukari, naweka mboga pembeni, nafunga sufuria na kitambaa, nampelekea kwa kazi, kwa barabara ya kuenda Luano. Kama ni samaki ya Kilwa (Kilwa yetu ya huku, haiko ile ya Tanzania) nafunga vitambaa mbili, juu harufu yake inapendaka kutangulia.

Tunakula kwa corridor, kwa benchi mbele ya mulango ya salle, ule chumba ya ma-server. Pale ndani climatiseur inapiga siku nzima, na upepo ya baridi inatokea chini ya mulango, inapepea miguu. Wakuu, miye napenda ile benchi kupita benchi ya kanisa. Padri asisome hapa.

Pale tunaongea. Ananieleza kazi yake, namueleza ma-vagon. Kila mutu haelewi mwenzake, na tunacheka.

Kwa bale habajui VM ni nini, nitaeleza vile Clémence alinieleza, juu kama miye nilielewa, hata mbuzi ya jirani itaelewa.

Fikiri lupango moja, ni kusema kiwanja yenye uzio, na nyumba moja kubwa ndani. Mwenye nyumba anapangisha vyumba. Kila mupangaji anafunga mulango yake, anajiona iko na nyumba yake mwenyewe. Lakini wote banachota maji kwa pipa moja. Ile nyumba ni mashini ya chuma, ile yenye inapiga kelele na ma-taa. Bapangaji ni ma-VM. Maji ya pipa ni memory. Na private cloud ni kusema malupango ni yetu wenyewe, hapa hapa, hatupange kwa bantu ba mbali.

Kwa salle yao kuko nyumba tatu za chuma. Ndani munakaa bintu ya ma-dispensaire, zile zahanati za jimbo: majina ya bagonjwa, dawa, vipimo vya batoto. Mama mugonjwa akifika kwa dispensaire, infirmière, ule muuguzi, anafungua tablette, na tablette inauliza kwa Clémence.

Kwa hiyo kazi kubwa kuko VM mbili za kufanana. Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inangoja. Ya kwanza ikianguka, ya pili inashika mara moja, mugonjwa asijue kama kuna kintu ilitokea.

Mwenye alizitengeneza ni Trésor. Trésor ni mwenzake ya Clémence, mwanaume ya ndevu, mucheshi, anamuitaka Clémence "yaya", ni kusema dada mukubwa, hata kama bamepitana kidogo tu. Alipozimaliza alisema, "Mbili, za kufanana, zimezaliwa siku moja? Hizi ni mapasa." Akaziita Kyungu na Kabange, yale majina tunapatiaka mapasa kwetu, bale nyinyi munaitaka mapacha. Kyungu ni yule alitoka mbele, Kabange ni yule alimufuata.

Biro yote ilifurahi. Patron, mukubwa ya biro, alileta munkoyo, kile kinywaji yetu ya mahindi, tukakunywa kwa corridor.

Mukumbuke ile munkoyo, juu tatizo yote ilianzia pale, na hakuna mutu aliona.

Sasa.

Siku moja nafika na sufuria, nakaa kwa benchi, nafungua kitambaa. Ndani nasikia Trésor anapiga kelele, "Yaya! Kyungu ameanguka!" Mbele hata sijapata kumeza, "Yaya, na Kabange!"

Ma-tablette yote ya jimbo ikakauka. Simu ikaanza kulia. Clémence akaingia mbio na mukono yenye bukari.

Balizirudisha. Ikapita.

Kesho yake nafika, nafungua kitambaa. "Yaya! Kyungu!"

Na siku yenye ilifuata, vile vile. Nafungua kitambaa, VM inaanguka. Kyungu mbele, Kabange nyuma yake.

Wakuu, muntu akiwa muzee na bintu inaanguka kila akifika, bantu banaanza kumuangalia miguu. Kwanza balicheka. Trésor alisema, "Papa, hiyo samaki ya Kilwa ni samaki ao ni virus?" Nikamujibu, "Juzi ulikula kichwa yake yote, haukuuliza."

Lakini Ferdinand, sentinelle, mulinzi ya kwa mulango ya inje, yeye hakucheka. Alinisimamisha na mukono sawa polisi ya route.

"Papa Clémence, weye unapita. Sufuria inabaki hapa na miye."

"Nani alisema?"

"Usalama."

Saa ya kutoka nachukua sufuria yangu, naona ni nyepesi. Usalama ilikula mapande mbili ya samaki.

Clémence na Trésor habakukaa. Balifikiria climatiseur, balipima moto ya salle: baridi tu, miye mwenyewe nilikuwa shahidi na miguu yangu. Balifikiria courant, ule umeme, juu huku kwetu courant inafanyaka vile inapenda. Balikuta ma-batterie iko muzuri, na groupe ya inje, ile jenereta, inawaka. Balitoa vipande vya memory, balivipangusa, balivijaribu kimoja kimoja. Vizima vyote. Balibadilisha mpaka kamba za network. Trésor akaamini ni kamba ya rangi ya njano, akaitupa kwa nguvu, ikarudi ikamupiga kwa sikio.

Kesho, midi, Kyungu chini. Kabange chini.

Pale patron ndiye alikuya kwa corridor. Anaitwa Monsieur Donatien. Ni muntu ya tumbo na roho muzuri, lakini siku ile hakukuwa na kicheko. Alisema mbele yangu:

"Clémence, miye nimeshindwa kuwajibu ba-dispensaire. Vendredi (Ijumaa) bakubwa yao banakuya hapa kuona. Kama hizi mashini zinaanguka mbele yao, nafunga salle. Bintu yote inaenda kwa ile kampuni ya mbali yenye inanipigia simu kila siku. Na weye nitakutafutia fasi kwa biro yetu ya Kinshasa."

Clémence alisema, "Oui, patron."

Niliangalia sufuria.

Kinshasa, wakuu. Haiko fasi ya kufika na miguu, na sufuria ya bukari mukononi. Nilifikiria: nitapika kwa nani? Muntu moja hapikaki bukari ya kweli, anasongaka kadogo kama dawa ya mutoto. Na ile benchi na upepo yake itakuwa ya nani? Ile siku nilirudi kwa nyumba na miguu, juu sikutaka kufika haraka.

Lakini naahidi mbele yenu hii haiko hadithi ya machozi. Ngojeni.

Asubui ya kesho Clémence anakunywa chai kwa kusimama, ananiangalia, anasema, "Papa, tusaidie kazi. Leo usikuye midi. Kuya sasa hivi na miye, na sufuria yako, ukae pale, ufungue kitambaa, urudi mbele ya midi."

"Kumbe na weye unaamini ni miye?"

"Siamini. Nataka kukutoa kwa liste ya bale tunashuku."

Nilienda. Nilifungua kitambaa asubui, nikakula pekee yangu mbele ya Trésor mwenye anaangalia écran ya kompyuta na saa. Nikafungua, nikafunga, nikafungua. Hakuna kilichoanguka. Trésor akasema, "Pepea harufu kidogo huku." Nikapepea. Hakuna.

Nikarudi kwa nyumba, nikalala juu ya kitanda. Midi simu inalia.

"Papa! Zimeanguka! Uko fasi gani?"

"Niko kwa kitanda."

"Na sufuria?"

"Iko kwa meza, kavu."

"Asante Mungu!" Akapiga kelele ya furaha, na nyuma yake nasikia Trésor naye anapiga makofi. Wakuu, mashini za jimbo zima zimelala chini, na bale babili banacheka sawa bameshinda tombola. Juu banajua sasa: haiko muntu. Ni saa.

Kesho yake nafika na sufuria yangu waziwazi. Namuambia Ferdinand, "Nimesafishwa. Uliza kwa biro."

Ananiangalia, anaangalia kitambaa. "Papa Clémence, enquête, ule uchunguzi, haijamalizika," anasema, na mukono yake inatafuta mufuniko.

Nilimuachia pande moja. Muntu akizoea, utafanya nini?

*

Wakuu, forum imekataa, imesema maneno yangu ni marefu kupita. Naendelea hapa kwa post ya pili.

Kuna mukuu ameshauliza huko juu kama sikuogopa kuitwa mulozi, ni kusema muchawi. Ndugu, nilikuwa na mboga yenye inanukia vile, mulozi gani anapikaka hivyo? Tuendelee.

Sasa swali ikawa: nini inafanyika midi?

Clémence alikuya na bukari mukononi, anakaa kwa benchi, laptop juu ya magoti. Miye nasukuma mboga karibu yake, yeye anasoma. Bale ba informatique banasoma kintu inaitwa log, ni mashini yenyewe inaandika maisha yake, kila kintu imeiona. Sasa huko kwa log ya nyumba ya chuma iliandika kwa Kiingereza, kwa ufupi: memory imekwisha, nimemuua mupangaji.

"Papa," ananiambia, "haianguke. Inauliwa. Maji ya pipa yanakwisha, na mwenye nyumba anamufukuza yule anachota sana, juu nyumba yenyewe isikufe."

"Na anachota sana ni nani?"

"Kyungu."

"Na juu ya nini midi?"

Pale akapiga paji ya uso. Midi ndiyo saa ya backup, ile saa mashini inajiandikia kopi ya bintu yote. Kwengine banafanyaka backup usiku, lakini huku kwetu usiku courant inakatika na groupe inapumuzishwa, donc balichagua midi, saa infirmières banakula. Na backup ya VM ile inakula memory ya nyumba, sawa mupangaji mwenye anafua mablanketi yote siku moja.

"Lakini backup ya moja tu haiwezi kumaliza pipa," anasema. Anaita, "Trésor! Backup ya Kabange ni saa gani?"

Trésor anatoa kichwa kwa mulango. "Midi, yaya. Sawa na ya Kyungu."

"Nani aliweka?"

"Weye."

Clémence akaangalia laptop. Kweli, ni yeye. Aliweka ya Kyungu midi, na mukono yake pekee ikaweka na ya Kabange.

"Bon. Na memory ya Kabange? Yeye anangoja tu, hafanye kazi. Juu ya nini iko na memory kubwa hivi?"

"Juu ma-dispensaire ya mupya ilipoingia, tuliongezea Kyungu. Patron akasema, ukimupa Kyungu umupe na Kabange, tusitafute mambo."

"Na banakaa nyumba gani?"

"Nyumba ya kwanza. Wote babili. Nilitia règle, basiachane."

Wakuu, nyumba za chuma ziko tatu. Mbili zilikuwa na nafasi, zinapepewa tu. Na mapasa wote babili, banene, banashindana kwa pipa moja, banafua blanketi saa moja; Kyungu akifukuzwa, Kabange anashika kazi yake na blanketi bado iko mukononi, na yeye anafukuzwa.

Clémence aliweka bukari chini. Akauliza pole pole, vile mama yake alikuwa anauliza kama sukari imepunguka.

"Trésor. Kabange tulimutengeneza juu ya nini?"

"Juu Kyungu akianguka, Kabange abebe kazi."

"Na siku hizi zote, Kyungu akianguka, Kabange anafanya nini?"

"Anaanguka."

"Na weye uliona hiyo ni sawa?"

Trésor akamuangalia na macho safi kabisa. "Yaya Clémence. Ni mapasa."

Clémence akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Juu hata yeye, na diplôme yake yote, aliona ni sawa! Hata patron. Hata miye! Kila siku tulisikia "Kyungu ameanguka, na Kabange", na sisi bote kwa roho tukasema, ee, ni vile, moja akigonjwa mwenzake atafanya nini? Tulitafuta kwa climatiseur, kwa kamba, kwa sufuria ya muzee. Ile kintu yenyewe ilikuwa inapiga kelele mbele yetu, tukaona ni adabu.

Kwa bale haiko ba huku: mapasa kwetu haichezewe. Ukimusalimia moja, salimia mwenzake. Ukinunua shati, nunua mbili. Zawadi ya moja bila ya mwenzake ni matusi. Hakuna mutu aliandika kwa karatasi kwamba mashini zifuatishe hivyo. Ni jina tu. Tulizipa jina, na mikono yetu ikafanya yenye inajua.

"Bon," Clémence anasema, anapangusa machozi, "leo tunaachanisha. Moja nyumba hii, moja nyumba ile. Trésor, toa ile règle."

Trésor akarudisha mikono nyuma ya mugongo.

"Hapana."

"Vipi hapana?"

"Miye ni pasa. Kwa biro naitwa Trésor, lakini kwa nyumba ni Kabange. Miye siwezi kubonyeza button ya kuachanisha mapasa."

"Lakini ndugu yako, ule Kyungu wenu, iko wapi?"

"Kilwa. Anauzisha samaki."

"Basi yeye iko Kilwa, weye uko hapa!"

"Hiyo ni mama alituachanisha, kwa njia yake. Haiko miye nilibonyeza."

Nikamuuliza miye, "Trésor, ndugu yako akishikwa malaria kule, weye unaanguka?"

Akafikiri. "Nasikiaka kichwa kidogo."

Mungecheka kama mungeona uso yake. Lakini Clémence hakumulazimisha, na hiyo nilipenda kwa mutoto yangu. Angeweza kubonyeza mwenyewe. Alisema, "Sawa. Ita mama."

Na kesho yake ilikuwa vendredi, wakuu. Mukumbuke.

Mama ya Trésor anakaa Katuba. Alifika haraka, kitambaa ya kichwa imesimama, na kwa kona ya kikwembe, ule kitenge yake, amefunga mpemba, ule udongo mweupe wa mambo ya mapasa. Ferdinand hakuthubutu kumuuliza kintu. Mama ya mapasa hasimamishwe kwa mulango.

Akakaa kwa benchi yangu. Trésor akamueleza yote kwa kupiga magoti nusu. Mama akauliza maswali ya mama tu.

"Mukubwa ni nani?"

"Kyungu, mama."

"Na munataka kuhamisha nani?"

"Kabange."

"Na Kyungu abaki kwa nyumba ya zamani? Hapana. Akihama moja, bahame babili. Siku moja."

Clémence akafikiri, akaangalia laptop. "Inawezekana, mama. Moja kwa nyumba ya pili, moja kwa ya tatu. Ile ya kwanza ipumuzike."

"Muzuri. Na chakula?"

"Tunabapunguzia memory, mama. Wote babili sawa."

"Sawa sawa?"

"Sawa sawa. Lakini backup mama, ile haiwezi kuwa saa moja."

Hapo Trésor akafunga macho, akingoja mama akatae. Mama akacheka kicheko ya kifua.

"Weye unafikiri nilikunyonyesha na ndugu yako saa moja, kila siku? Na hii mugongo? Moja ananyonya, mwenzake analia kwa baba yake. Kesho yule alilia ndiye anatangulia. Hiyo ndiyo sawa. Nyinyi munafikiri sawa ni kufinyana."

Clémence akaandika pale pale: siku moja Kyungu mbele na Kabange nyuma, siku ingine Kabange mbele. Mpaka leo inafanya hivyo. Ma-ingénieur bakubwa bakiuliza juu ya nini backup inapishana hivi, baende kuuliza Katuba.

Halafu mama akafungua mpemba. Akampaka Trésor kwa paji, akapaka Clémence, akanipaka na miye. Akaona mulango ya salle, akaupaka mistari mbili. Mashini zenyewe Clémence alikataa, alisema, "Mama, vumbi isiingie pale, tafadhali," na mama akaelewa, akasema hata yeye hapakaki mutoto kwa macho.

Na akaanza kuimba.

Wakuu, nyimbo za mapasa kwetu ni za matusi. Ni lazima. Unatukana bakwe, unatukana jirani, unatukana mwenye anapita, na mwenye anatukanwa hakasirike, anatakiwa kujibu na matusi ya kumupita. Bila matusi mapasa haijafurahi. Zingine siwezi kuandika hapa, moderator atanifunga.

Mama anaimba, miye nampigia sufuria na kijiko. Trésor yuko ndani anahamisha, analia na kucheka, mpemba inashuka kwa ndevu. Clémence anacheza na laptop mukononi.

Pale pale patron anatokea kwa corridor, simu kwa sikio, anaongea Kifaransa ya heshima na ile kampuni ya mbali.

Mama akamuona. Akageuza wimbo bila kupumua:

"Angalieni Donatien, tumbo mbele sawa locomotive! Nyuma hakuna hata vagon moja inafuata!"

Nikasimamisha kijiko. Patron akasimama. Aliangalia mama, aliangalia mistari ya mpemba kwa mulango, aliangalia mutoto yangu na paji nyeupe. Na kwa simu ile sauti ya mbali inasema allô, allô.

Patron akasema kwa simu, "Nitabapigia nyuma." Akaitia kwa mufuko. Akavuta suruali juu, akaimba na sauti kubwa, kumbe iko na sauti:

"Mama ya mapasa, ulizaa babili juu mara ya kwanza haukuelewa!"

Ee Mungu! Mama alianguka juu ya bega yangu na kicheko. Ferdinand alikuya mbio kutoka mulango akifikiri kuna mwizi, na yeye akatukanwa mbele ya kufika.

Ndani Trésor anaita, "Yaya! Bamehama! Bote babili! Na hakuna hata dispensaire moja imesikia!"

Vendredi bakubwa ba ma-dispensaire balifika. Na miye, juu sikuweza kukaa kwa nyumba, nilifika na sufuria, nikakaa kwa benchi. Mulango ya salle ilikuwa wazi. Clémence alinichungulia mara moja. Hakunicheka.

Midi ikafika.

Backup ya Kyungu ikaanza. Sikuthubutu kufungua kitambaa, wakuu, kwa kweli nasema. Mikono yangu ilikalia mufuniko. Ikaisha. Backup ya Kabange ikaanza. Ikaisha. Kyungu iko wima.

Nikapumua.

Lakini patron, wimbo ilikuwa bado kwa damu yake. Akasema kwa bageni, "Sasa tutaangusha wenyewe." Akamugeukia Clémence. "Zima ile nyumba yenye Kyungu iko."

Clémence akasema, "Patron?"

"Zima."

Miye nilifunga freni ya ma-vagon maisha yote, najua ile kimya yenye inakuyaka mbele ya kujua kama imeshika. Clémence akamuangalia Trésor. Trésor akafanya ishara ya musalaba, akasema, "Kyungu, tusamehe," na Clémence akazima.

Ile nyumba ikanyamaza, ma-taa yake yote. Kwa écran, laini moja ikakuwa nyekundu.

Patron alikuwa kwa simu ya sauti wazi na masœur moja, mutawa ya dispensaire ya kule Kilwa, mwenye alikuwa anaandikisha mutoto kwa tablette.

"Masœur, kazi inaendelea?"

"Inaendelea."

"Haikusimama?"

"Nini isimame? Patron, kuna bamama bengi hapa, mutoto analia, sema haraka munataka nini."

Kabange alikuwa ameshika kazi yote.

Clémence akatoka kwa corridor, akakaa karibu yangu. Akaweka kichwa kwa bega yangu, kidogo tu, sawa alipokuwa mutoto. Halafu akasema, "Papa, fungua basi. Njaa."

Nikafungua kitambaa. Hakuna kilichoanguka.

Patron akatokea, akanyoosha mukono kwa sufuria bila kuuliza. Akakata pande ya bukari, akakula. Akakata ingine. "Ya Kabange," akasema. Ile kampuni ya mbali sijui aliiambia nini. Najua salle haijafungwa, Clémence haendi Kinshasa, na kesho napika sombe, ule kisamvu yenu.

Wakuu, fundisho yangu ni moja. Ukitafuta juu ya nini kintu yako inaanguka, usiangalie tu ile inakushangaza. Angalia na ile yenye haikushangaze, ile kila mutu wa kwenu anaona ni vile inatakiwa. Ya kwetu ilikuwa na jina, na tulilikunywea munkoyo.

Sasa na nyinyi munieleze: kwenu ma-server munayaita majina gani, na ile majina imeshabafanyia nini? Ba ma-VM munifundishe, na ba mapasa munitukane, nitajibu.

Lakini kintu moja naomba. Hii uzi imetoka post mbili, siku moja, na mukubwa ni ile ya juu. Ukipatia ile like, shuka upatie na hii. Mama ya Trésor ana simu, na ameshauliza namna ya kuingia humu.